Mwanangu wa miezi 8 amechubuka kwenye nepi mpaka anatoka damu, kila ninachopaka kinazidisha

Usingizi_Hakuna
Wakuu, naandika saa 8 usiku nikiwa nimembeba mkono mmoja, mtanisamehe makosa ya uandishi.

Mwanangu ana miezi 8. Wiki mbili zilizopita aliumwa sikio, akaandikiwa antibiotiki, amoksisilini. Siku ya tatu ya dawa akaanza kuharisha, mara sita hadi saba kwa siku. Kuharisha kumekwisha lakini kumetuachia balaa. Sehemu yote ya nepi imewaka, leo siku ya 9. Nikimfungua tu anaanza kulia kabla hata sijamgusa, maana ameshajua kinachofuata. Jana niliona damu kidogo kwenye pamba.

Nilivyopaka mpaka sasa: poda ya watoto siku mbili, halafu vazelini, halafu krimu niliyoazimwa na jirani, halafu nikaenda duka la dawa nikapewa tyubu "ya kila kitu", eti ina dawa tatu ndani yake. Hiyo ilinifurahisha: siku mbili wekundu ukapungua, nikapumua. Siku ya nne ukarudi kwa hasira, tena safari hii umeshuka mpaka mapajani. Jana wifi yangu akashauri nimkalishe kwenye maji yenye soda ya kuokea. Nimemkalisha mara moja. Amepiga ukelele ambao sitausahau.

Naomba aliyewahi kupitia hili aniambie alifanya nini. Natanguliza shukrani.

BabaMapacha
Pole sana dada. Sisi tulikuwa na wawili kwa mpigo, nyumba nzima ilinuka dawa. Sina la kitaalamu kwa sasa, nakushika mkono tu. Kuna bibi mmoja humu alikuwa nesi wa wodi ya watoto, ngoja aamke.

Nesi_Mstaafu
Nimeamka, wazee hatulali. Pole mwanangu.

Kabla sijasema chochote nataka unijibu maswali, na usiyajibu kwa kukumbuka. Kukipambazuka mlaze penye mwanga, umwangalie vizuri.

Kwenye mikunjo ya kinena, pale paja linapokutana na mwili, kukoje? Kumepona au ndiko kulikowaka zaidi? Pembeni ya eneo kubwa kuna vipele vidogo vidogo vimejitenga, kama matone yaliyoruka? Kuna malengelenge, usaha, au ukoko wa rangi ya asali? Ana homa? Ananyonya na kukojoa kama kawaida? Halafu mfungue mdomo uangalie ulimi na ndani ya mashavu.

Na hiyo tyubu ya dawa tatu, geuza nyuma usome majina yote, uniandikie.

Usingizi_Hakuna
Shikamoo bibi. Nimemwangalia sasa hivi dirishani.

Mikunjoni ndiko kubaya zaidi. Ni kama nyama mbichi, pamelowa na panang'aa. Na kweli kuna vidoti vyekundu pembeni, vimeshuka mapajani na vimepanda mpaka chini ya kitovu, vingine vina kichwa cheupe kidogo. Malengelenge makubwa hakuna, ukoko hakuna. Homa hana, 36.9. Ananyonya, ila anakatisha katisha. Kukojoa kawaida. Mdomoni kuna weupe ndani ya shavu, nilidhani ni maziwa.

Tyubu imeandikwa betamethasoni, klotrimazoli, gentamaisini.

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Futa huo weupe taratibu kwa kitambaa safi chenye maji. Maziwa yatafutika. Usipofutika, acha, usikwangue, maana chini yake patatoka damu.

Sasa nikueleze ninachokiona, ila anayepaswa kuthibitisha ni mtu atakayemwona kwa macho, na umpeleke leo, si wiki ijayo.

Watu husema mtoto "ameunguzwa na mkojo". Mkojo peke yake kwenye ngozi nzima hauna shari hiyo. Shida huanza mkojo ukikutana na kinyesi. Bakteria wa kwenye kinyesi wanaivunja urea ya mkojo kuwa amonia, amonia inaondoa ile asidi kidogo ambayo ngozi hujilindia nayo, na hapo vimeng'enya vya kusaga chakula vilivyomo kwenye kinyesi vinapata nguvu ya kumsaga mtoto mwenyewe. Ongeza unyevu na msuguano wa nepi. Mtoto akiharisha ni balaa zaidi, kwa kuwa chakula kinapita mbio na vimeng'enya vinatoka vikiwa bado vikali. Ndiyo maana siku moja ya kuharisha inachubua kuliko wiki nzima ya kukojoa.

Michubuko ya aina hiyo hukaa pale nepi inapogusa: makalio, juu ya kinena, mapaja kwa nje. Mikunjoni kwa kawaida kunabaki salama, kwa sababu ngozi imejificha. Kwako ni kinyume. Mikunjo ndiyo imewaka, kuna vidoti vilivyojitenga, ametoka kunywa antibiotiki, na pengine ana utando mdomoni. Ningekuwa bado wodini ningesema fangasi, kandida, kabla sijavaa miwani. Antibiotiki huua na bakteria wema wa tumboni waliokuwa wakimbana fangasi huyu, naye akipata ngozi iliyolowa na kuchubuka anajimwaga. Michubuko ya kawaida isiyopungua kwa siku tatu hivi licha ya kutunzwa vizuri, mara nyingi ameshaingia.

Jambo jingine ambalo vitabu vingi havisemi. Neno "wekundu" linawapoteza wengi. Kwenye ngozi nyeusi unaweza usiuone wekundu wowote, ukaona zambarau, au kahawia iliyokolea, au weusi unaong'aa kama umepakwa mafuta. Pima pia kwa joto la ngozi, kwa uvimbe, na kwa kilio cha mtoto.

Kwa leo: acha poda, acha soda, acha ya jirani, acha ya dawa tatu. Maji ya uvuguvugu tu. Ukiona homa ya 38 au zaidi, malengelenge, usaha, ukoko wa rangi ya asali, wekundu unaosambaa kwa kasi, au mtoto amelegea na hataki kunyonya, usisubiri kliniki kufungua, nenda pa dharura. Na anayesoma hapa akiwa na mtoto chini ya miezi mitatu mwenye homa, huyo hana kusubiri hata kidogo, awe na vipele au asiwe navyo.

Kaka_wa_Pwaguzi
Mnamtisha dada wa watu. Hiyo dawa tatu tumepaka kwa watoto wetu wote, wamepona ndani ya siku mbili. Tena yeye mwenyewe kasema ilipunguza.

Mfamasia_Zamu
Kaka, hapo penye "ilipunguza" ndipo mtego ulipo.

Betamethasoni ni steroidi. Kazi yake ni kuuzima mwili usilalamike. Wekundu unashuka, muwasho unashuka, mama anafurahi. Lakini fangasi anakuwa amepewa uwanja usio na mlinzi. Ni kweli humo ndani kuna klotrimazoli ya kumuua, ila dawa mbili zinavutana kamba ndani ya tyubu moja, na mzazi akiona nafuu anaacha siku ya pili au ya tatu wakati fangasi bado hajaondoka. Steroidi ikikatika, wekundu unarudi na vidoti vimeongezeka. Alichoandika dada kinafanana sana na hicho.

Halafu nguvu yake. Ile ni steroidi kali, na inapakwa kwenye ngozi nyororo, yenye mikunjo, iliyochubuka, halafu inafunikwa na nepi isiyopitisha hewa. Dawa inafyonzwa maradufu. Ikitumiwa kwa wiki na wiki, ngozi inakuwa nyembamba na kuacha mistari, na nyingine inaingia kwenye damu mpaka tezi za juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni zake zenyewe. Kwa eneo la nepi, daktari akiona lazima kupoza uvimbe, hutumia haidrokotisoni ya asilimia 1, kidogo, kwa siku chache, mara nyingi isizidi wiki moja.

Dada umetumia siku nne, acha tu, hakuna madhara. Ila kama kuna mtu anasoma hapa na amekuwa akimpaka mwanawe steroidi kali kwa wiki nyingi, usiikate ghafla bila kumwambia daktari.

Kuhusu soda ya kuokea: ngozi imeumia kwa kupoteza asidi yake, wewe unaongeza kitu kinachoondoa asidi. Isitoshe inapenya. Kuna ripoti ya kitabibu ya mwaka 1981 ya mtoto aliyepakwa soda hiyo kwa ajili ya upele wa nepi mpaka damu yake ikapoteza uwiano wa asidi. Wifi hakukusudia baya, lakini hapana.

Na poda: ile ya talki mtoto anaivuta puani kila unapoikung'uta, ikiingia kwenye mapafu ni hatari. Tena kwenye mikunjo iliyolowa inaganda kuwa vidonge vinavyokwaruza.

Kaka_wa_Pwaguzi
Sawa dokta, nimekusikia. Ya talki sikuijua.

Mfamasia_Zamu
Mimi si dokta, lakini asante.

BabaMapacha
Sasa naweza kuchangia, maana hapa kwenye kazi za mikono ndipo nilipofuzu.

Sisi tulikuwa na dawa sahihi kabisa na bado watoto hawakupona wiki nzima, kwa sababu tulikuwa tunawasugua. Kila nepi tunafuta mpaka ngozi ing'ae, tunaondoa krimu yote, tunapaka upya. Muuguzi aliyetuona akacheka, akasema sisi ndio ugonjwa wenyewe.

Alitufundisha hivi. Waipsi weka kabatini mpaka apone, hasa zenye manukato au spiriti. Chukua chupa laini ya kubinya, tia maji ya uvuguvugu, mwagia kinyesi kitoke chenyewe. Au mkalishe kwenye beseni lenye maji kidogo dakika chache. Kilichoganda, lowesha kwa pamba yenye mafuta mepesi ya watoto yasiyo na manukato, kitateleza. Kukausha ni kugusisha kitambaa laini, gusa, inua, gusa, inua. Kusugua marufuku. Na mtu asimpulizie mashine ya kukaushia nywele, mtoto ataungua.

Kisha mwache wazi. Hapo ndipo penye dawa ya bure. Tandika kitu kisichopitisha maji, juu taulo, mlaze kifudifudi acheze akiwa macho, dakika 10 au 15, mara nyingi kadiri unavyoweza kwa siku. Atakojoa. Atakojolea zulia, atakukojolea wewe. Unafua maisha yanaendelea.

Ndipo inakuja dawa, na juu yake kinga. Kinga ni ile krimu nzito nyeupe ya oksidi ya zinki. Zipo za asilimia ndogo na zipo za 40, kwa mtoto aliyechubuka namna hii nzito ndiyo nzuri. Na usiipake kama losheni, usiisugue iingie. Piga lipu. Kama fundi na ukuta: ngozi isionekane. Mtoto akinya, unaondoa lile la juu lililochafuka, tabaka la chini lililoshika safi unaliacha, unaongeza jingine. Huna haja ya kuiona ngozi kila saa kutazama kama imepona.

Nepi badilisha akinya tu, hapo hapo, na vinginevyo kila baada ya saa mbili hivi mchana, usiku amka angalau mara moja. Tulipanda saizi moja juu na tukaifunga kwa kulegeza ili hewa ipite.

Nesi_Mstaafu
Fundi lipu ameeleza vizuri. Naongeza mpangilio tu, kwa kuwa wengi hukosea: dawa ya fangasi ndiyo ya kwanza kwenye ngozi kavu, tabaka jembamba. Subiri dakika chache inyonywe. Zinki juu yake. Ukianza na zinki, dawa itabaki nje inabisha hodi.

Na usichovye kidole kilichogusa makalio kurudi kwenye kopo. Toa kiasi pembeni kwanza. Nawa mikono kabla na baada.

Mama_wa_Wanne
Mimi naleta kisa tofauti ili mtu asije akadhani kila kitu ni fangasi.

Wangu wa tatu alikuwa na miaka miwili, bado anavaa nepi usiku. Akapata wekundu kuzunguka njia ya haja kubwa, mduara uliokatwa kama kwa wembe, mkali, bila vidoti. Akienda haja analia, mwishowe akaanza kuibana. Nikapaka dawa ya fangasi wiki mbili, hakuna. Nikasema ni choo kigumu, nikambadilishia chakula, hakuna.

Daktari wa tatu ndiye aliyepitisha kijiti cha pamba akapeleka maabara. Bakteria. Streptokoka, ukoo ule ule unaoleta maumivu ya koo. Hiyo krimu haiiwezi, alipewa antibiotiki ya kunywa, na ndani ya siku chache akawa anaenda haja bila kilio. Nilijisikia vibaya kwa zile wiki nilizomwambia asiogope.

Kimya_Kingi
Huwa sichangii, nasoma tu. Leo nachangia.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na "upele wa nepi" miezi miwili. Fangasi tulitibu, zinki tulipaka, hewa tulimpa. Kisha tukaona upele ule ule kuzunguka mdomo, kisha kwenye vidole pembeni ya kucha. Nywele zikawa zinanyonyoka. Akaharisha. Ulianza wiki chache baada ya kuachishwa ziwa.

Mtaalamu wa ngozi alimtazama kama dakika moja akaomba kipimo cha zinki kwenye damu. Ilikuwa chini kabisa. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao utumbo unashindwa kufyonza zinki, na mtoto akiwa bado ananyonya maziwa ya mama unajificha, kwa kuwa zinki ya maziwa ya mama inafyonzwa kirahisi zaidi. Ziwa likikatika unajitokeza. Akapewa zinki ya kunywa, na ndani ya siku chache ngozi ikaanza kufunga. Ataitumia maisha yake yote, na ni mtoto mtundu kweli kweli sasa.

Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa tunampaka zinki kopo baada ya kopo, wakati aliihitaji tumboni.

Ni nadra. Lakini makalio, mdomo na vidole kwa pamoja, usikubali kuambiwa ni nepi.

Nesi_Mstaafu
Asante Kimya, uchangie mara nyingi. Miaka yangu yote wodini nimeuona mara chache sana, na kila mara mama alikuwa ameshazungushwa.

Usingizi_Hakuna
MREJESHO WA KWANZA.

Nimetoka kliniki. Weupe haukufutika, bibi. Ni fangasi juu na chini. Daktari alimwangalia mdomo kabla hata ya kufungua nepi, nikakumbuka swali lako.

Amepewa nistatini, dawa ya fangasi ya matone kwa ajili ya mdomo, mara nne kwa siku baada ya kunyonya, na krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 kwa chini, mara tatu kwa siku. Zinki juu. Amenisisitiza nisiache wekundu ukiisha, niendelee mpaka wiki mbili zitimie. Steroidi amesema haina haja. Akaniuliza na mimi kama chuchu zinachoma. Nikashangaa, zinachoma kweli, wiki sasa, nilidhani ni meno yake. Kumbe tulikuwa tunaambukizana. Na mimi nimepewa ya kupaka. Ameniambia nichemshe chuchu bandia na vifaa vyote anavyotia mdomoni.

Nimelia kwenye gari. Kwa nafuu tu.

BabaMapacha
Lia dada, ni haki yako. Kisha ukapige lipu.

Mgeni_wa_Leo
Samahani, swali la pembeni. Maziwa ya mama kupaka kwenye vipele, kweli au porojo?

Mfamasia_Zamu
Kwa michubuko midogo ya kawaida kuna tafiti chache ndogo zilizoona yanasaidia. Hayana madhara makubwa, na mama anayo tayari. Ila kwa fangasi, hapana, usiyategemee. Na kwa ngozi iliyofunguka namna ya mtoto wa huyu dada, kinachohitajika ni ukuta kati ya ngozi na kinyesi, na maziwa hayajengi ukuta.

Mgeni_wa_Leo
Na nepi za kitambaa? Mama mkwe anasema tungetumia hizo tangu mwanzo haya yasingetokea.

Mfamasia_Zamu
Hapo mama mkwe ana nusu ya haki. Kitambaa kinapitisha hewa, lakini hakinyonyi kama zile za kutupa, ambazo ndani zina chembe zinazogeuza mkojo kuwa jeli na kuuweka mbali na ngozi. Kitambaa kikilowa kinabaki kimemgusa mtoto. Kwa mtoto mwenye vidonda, za kutupa zinazonyonya vizuri ni rahisi zaidi. Ukibaki na kitambaa, badilisha mara nyingi zaidi, suuza mpaka sabuni iishe kabisa, usitie dawa ya kulainisha nguo, na usimfunike plastiki juu. Ugomvi wa ukwe siuingilii.

Usingizi_Hakuna
MREJESHO WA PILI, na si mzuri.

Siku ya tatu vidoti vya mapajani vilianza kufifia, analala saa nne mfululizo, nikasema tumeshinda. Jana niliporudi kutoka kazini jioni nikakuta pamewaka tena makalioni. Nikadhani dawa imeshindwa. Nilikaribia kabisa kuchukua ile tyubu ya dawa tatu, iko kwenye droo bado. Nikajizuia nikaja kusoma huu uzi upya kuanzia mwanzo.

Bibi, nifanye nini?

Nesi_Mstaafu
Swali lile lile mwanangu. Mikunjoni kukoje?

Usingizi_Hakuna
Mikunjoni kumetulia. Ni pa juu tu, pale panapogusa nepi. Vidoti vipya hakuna.

Nesi_Mstaafu
Basi fangasi anakwenda zake, dawa inafanya kazi. Hiyo mpya ni michubuko ya kawaida. Nani alishinda naye, na alimsafisha kwa kitu gani?

Usingizi_Hakuna
Nimeuliza. Wifi alitoka naye, hawakuwa na maji, akatumia waipsi siku nzima. Na lipu hakupiga, anasema aliona "nyingi mno, mtoto atapumua vipi". 😩

Sijagombana naye. Nimemwonyesha, nimempa kopo, nimemwambia ngozi haipumui kupitia makalio.

Kaka_wa_Pwaguzi
Hahaha. Mpelekee na chupa ya kubinya, asiseme hakuna maji.

Mama_wa_Wanne
Na ile tyubu itoe kwenye droo. Saa 8 usiku akili haina mlinzi.

Usingizi_Hakuna
MREJESHO WA TATU. Siku ya 12 ya dawa.

Ngozi imefunga yote. Mdomo mweupe hakuna. Mimi pia nimepona. Jana nilimbadilisha nepi akacheka, akajaribu kugeuka akimbie, nikamfukuza kitandani nikiwa na kopo mkononi. Tyubu nimeirudisha duka la dawa waitupe wao, na niliyemkuta akakubali kwamba hawakuniuliza umri wa mtoto wakati wananipa.

Ila palipokuwa na vidonda pamebaki mabaka meupe, hayana rangi ya ngozi yake. Nimeogopa.

Nesi_Mstaafu
Usiogope. Ngozi iliyoungua hupona kwanza, rangi inarudi nyuma yake polepole. Wiki, pengine miezi michache. Wengine huacha weusi badala ya weupe, nao huondoka. Usimpake chochote cha kurudisha rangi. Maliza siku mbili zilizobaki za klotrimazoli hata kama huoni kitu, kisha zinki nyepesi usiku tu, na ukisikia anaharisha tena au ameandikiwa antibiotiki, lipu siku hiyo hiyo, usingoje awake.

Usingizi_Hakuna
Asante bibi. Asanteni wote. Naenda kulala, ni saa 3 tu usiku.

Baba_Mpya22
Habarini wakuu. Nimeukuta huu uzi kwa kutafuta. Wangu ana miezi 5, ana vipele vyekundu kwenye nepi siku ya pili leo, analia nikimfuta. Nimenunua ile ya dawa tatu lakini sijaifungua bado. Nianze nayo?

Nesi_Mstaafu
Iache ilivyo, mwanangu. Mlaze penye mwanga. Mikunjoni kukoje?